Tairi la Nyuma la Simon

Pale barabara ya Mgeta inapokutana na lami, fundi Idrisa anaziba pancha na kujaza upepo. Mkewe Zuhura alifariki miaka sita iliyopita. Binti yao ameolewa Tabora, na simu zake siku hizi ni za sikukuu hadi sikukuu. Idrisa atakuambia amezoea. Mwongo. Mtu aliyezoea hakai tangu saa kumi na mbili asubuhi amekodolea macho barabara.

Aliyekuwa akimsubiri ni Simon, kijana wa bodaboda anayeshusha kabichi kutoka Mgeta. Masika vijana wa huko wana kawaida yao: wakianza kupanda mlima wanapunguza upepo wa tairi la nyuma ili likamate tope, wakirudi kwenye lami wanajaza tena. Asiyejaza, pikipiki inamyumbisha kwenye kona kama mlevi. Kwa hiyo Simon alisimama kwa Idrisa mara mbili kwa siku: asubuhi dakika tano, alasiri kumi, kwa sababu alasiri alikuwa anakunywa chai. Robo saa hiyo ndiyo ilikuwa siku nzima ya mzee.

Mwezi wa tatu lile tairi liliisha kashata, yale meno yanayoshika barabara, likabaki kipara. Simon akamwomba amchongee mifereji kwa kisu cha moto ili lishike tope. Idrisa ana miaka thelathini kwenye kazi hii, na alijua kabisa kwamba ukichonga tairi lililoisha unaondoa hata unene kidogo uliobaki. Akachonga. Aliogopa kijana angehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara asirudi tena. Mimi ni jirani yake, nina duka hapo kando; nilimwona na nikanyamaza, kwa hiyo sina cha kujisifia.

Wiki tatu baadaye, alasiri, Simon alishuka na viroba vitatu vya kabichi.

"Shikamoo, mzee Idrisa. Nijazie fasta, kuna mama ananisubiri sokoni mjini."

"Marahaba." Idrisa alizungusha gurudumu taratibu, kidole gumba kikipita kwenye mifereji. Nyuzi za tairi zilikuwa nje. "Simon, hili haliendi mjini."

"Si ulilichonga mwenyewe?"

"Nilikosea. Niliogopa kukukatalia. Hili likipasuka kwenye lami na mzigo huu, lori la nyuma yako halitaweza kusimama kwa wakati."

"Nijazie, mzee. Leo tu. Hutaki, naenda ng'ambo."

Angeenda kweli, na ng'ambo wangemjazia. Idrisa alilijua hilo. Alichukua kisu akalichana tairi ubavuni, mkato mrefu usiozibika.

 Kijana alishusha viroba, akampigia mwenzake simu aje avichukue, akaisukuma pikipiki yake kuvuka barabara. Chai aliyowekewa aliiacha mezani inapoa. Jioni nilimpelekea Idrisa ubwabwa, akaniambia niuweke hapo. Nilimwonea huruma, na nilimwonea hasira pia, maana angeweza kukataa tangu siku ile ya kwanza.

Siku ya tatu Simon alifunga tairi jipya, zuri, la kashata nene. Anapita asubuhi, anapita alasiri, na upepo anapunguza na kujaza ng'ambo, ametugeuzia mgongo. Kila akipita Idrisa anasimama, anatazama gurudumu la nyuma mpaka lipotelee kwenye kona, halafu anakaa.

"Anapita mzima," aliniambia jana nilipokuwa nafunga duka, ingawa sikuwa nimemuuliza. Kutwa nzima hakuwa amesema neno jingine na mtu yeyote.