Uso wa Mama Mkwe

Juzi kwenye duka la dawa pale Amalemba, mama mmoja alishusha leso shavuni akamwonyesha muuzaji ngozi iliyobabuka.

"Nilipaka maji ya ndimu nitoe haya madoa, halafu nikaenda kupalilia miwa."

"Ndimu na jua, mama? Hapo umejichoma mwenyewe!" muuzaji akasema. "Osha na maji baridi, paka mafuta haya tu, ukae kivulini. Lakini haraka ya nini?"

"Wakwe wanakuja Jumamosi kumposa binti yangu. Dada ya bwana yangu amesema kwa uso huu nitamwaibisha binti."

Mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni nilishindwa kunyamaza. "Mama, si kwetu mkwe hatakiwi hata kumtazama mama mkwe usoni?"

Akacheka, kisha akajishika shavu kwa uchungu. "Mwanangu, kijana hataangalia. Shangazi zake ndio wanaangalianga."

Hasira niliyokuwa nimewawekea wanaume ikakosa pa kwenda. Madoa yale aliyapata juani akilima miwa iliyomsomesha huyo binti anayeposwa, na wanaomtia aibu ni wanawake wenzake. Wanaume tumewafunza kuinamisha macho mbele ya mama mkwe. Sisi wanawake je, nani atatufunza?