Pai Mbili za Jiko Moja

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye ukumbi mmoja hapa Kigoma, kutazama mashindano ya kuoka pai ya mgebuka, samaki wa ziwa letu. Zawadi ilikuwa oveni mpya. Jirani yangu kwenye benchi, mama mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa mmoja wa washindani, hakuiondolea macho. Alitaka kuokea mikate ya kuuza.

Jaji, bwana aliyehamishiwa huku kikazi, alionja pai ya mama huyo akakunja uso. "Si mbaya, ila inanuka makaa. Mkono bado mzito."

Akaonja ya mke wa bosi wake, akafumba macho. "Hii sasa! Hapa kuna mtu aliyesomea mapishi."

Makofi yakapigwa. Jirani yangu akawa anatikisika kwa kicheko, kajiziba mdomo kwa kitenge.

"Kulikoni, mama?"

"Zote nimeoka mimi," akaninong'oneza. "Mimi ndiye mpishi wake. Unga mmoja, makaa yale yale."

"Basi sema!"

"Ego, ndiyo, niseme," akajibu, kicheko kikamkauka. "Halafu kesho nifanye kazi kwa nani?"

Mbele, jaji alimwuliza mshindi siri ya ganda lile laini. Mshindi akamtupia jicho mpishi wake, akasema ni mambo ya familia.

Juzi nilimkuta mama huyo sokoni Katonga akichagua samaki. Nikampa pole ya oveni.

"Pole ya nini, baba? Naitumia kila siku. Mwenyewe hajui hata inavyowashwa."

Kwa hiyo oveni imempata anayeistahili. Tatizo ni kwamba mikate yote inaliwa kwa bosi.