Mkwe Aliyeshikizwa kwa Pini

Fundi cherehani huyu walimwita Mama Pini, maana midomo yake ilibana pini kutwa na bado akaongea kuliko redio. Dukani kwake sheria ilikuwa moja: mwanamume havuki pazia la kupimia.

Nyuma ya pazia hilo ndipo alipoona alama za mkanda kwenye mgongo wa mteja mgeni, aliyeolewa kutoka nchi ya mbali.

"Mwanangu, hizi si za kuanguka."

Mgeni akalia. Mumewe humfuata kila aendako, na pasipoti ya mkewe hutembea nayo ndani ya koti lake. Akijaribu kuondoka, humwambia, serikali itamfukuza nchini.

"Muongo huyo! Wakili wa kituo cha wanawake namshonea mimi. Njoo Jumanne ujaribu gauni. Wakili atangoja na gari mlango wa nyuma."

Jumanne mke akaingia nyuma ya pazia, mume akaketi benchini, koti mwilini.

"Mkwe wangu," Mama Pini akamsifia, "mabega haya bila suti? Hebu vua koti nikupime!"

Mpenda sifa hahitaji kusukumwa. Koti likaenda kutundikwa nyuma ya pazia, naye akavishwa suti ambayo haijashonwa, imeshikizwa kwa pini tupu.

"Mikono juu, mkwe. Juu zaidi! Usipumue."

"Inachoma!"

"Ndiyo inakukaa hiyo."

Wateja wawili benchini wakang'ata mitandio yao wasicheke. Fundi akapiga magoti, akashikiza mguu mmoja wa suruali kwenye mwenzake.

"Mke wangu mbona kimya?"

"Anavaa viatu." Na kweli alikuwa anavaa, Mama Pini hasemi uongo. Wala kuchukua pasipoti yako mwenyewe si wizi. Mwizi ni aliyeificha.

Gari likanguruma uani. Mume akaruka, pini zote zikamkumbuka kwa pamoja, akaanguka chali kama mende.

"Nitakushtaki!"

"Shtaki, baba. Ila wakili ametoka kidogo."

Benchi zima likaangua kicheko.

Jioni simu ikalia. Mgeni amefika kituoni, amekula, kesho yeye na wakili wanakwenda polisi na mahakamani pamoja.

"Mama, nina swali," sauti yake ikasema, ikitetemeka kwa kicheko. "Ulimwambia ashushe mikono?"

Mama Pini akacheka hata pini zikamtoka mdomoni, zote, zikatawanyika sakafuni.