Meli Zilizozama Kambarage

Nina vitabu vya meli zilizozama. Si hadithi. Ni vitabu vya rejea, vile vizito vinavyopanga meli moja baada ya nyingine: jina lake, bandari iliyotoka, shehena iliyobeba, mwamba ulioipasua, na kama kuna mtu aliyewahi kuopoa chochote. Nilianza kuvikusanya kwa bidii nilipokuwa nafundisha jiografia Segese. Sasa nimestaafu, naishi Kambarage mjini Shinyanga, mbali kabisa na bahari. Magoti yananiuma, macho yamechoka, na kila tulipohama nyumba vitabu hivi ndivyo vilivyotuvunja mgongo.

Cha kwanza nilikipata kwetu Ushirombo, kwa padri mzee aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Alitandaza vitabu barazani, akatuambia tuchague. Wenzangu walichukua vya sala na vya kilimo. Mimi nilichukua kinene kuliko vyote, kwa sababu ya ramani zake. Baadaye nikampata muuza vitabu vya mitumba wa Mwanza, ambaye mpaka leo akikutana na kitabu chenye picha ya meli hunipigia simu, kisha hukituma kwa basi. Rafu moja ikajaa, ikaja ya pili, halafu maboksi chini ya kitanda.

Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hadi kilipofungwa. Vitabu vyangu hakuvipinga wala hakuvigusa. Tulipokuwa na wageni alisema tu, "Hivyo ni vya Mama," kama anayeonyesha cherehani.

Tabu ilianza na fundi seremala aliyekuja kurekebisha rafu. Aliniuliza vinahusu nini, nikamjibu bila kufikiri kwamba vinahusu meli zilizozama na mali iliyozama nazo. Neno hilo "mali" lilitoka getini kabla yake. Huku kwetu ukitaja mali iliyofichwa, watu wanasikia kitu kimoja tu: mali ya Mjerumani, dhahabu na rupia zinazosemekana zilifukiwa Wajerumani walipokuwa wanakimbia vita. Karibu kila kijiji kina kilima chake kinachochimbwa kwa tetesi hizo. Haukupita muda, wachimbaji wa dhahabu wakaanza kuja kutoka machimbo ya Mwakitolyo.

"Mwangaluka, mayu," walinisalimu kwa Kisukuma, kisha wakaongeza, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibuni."

"Tumeambiwa una kitabu cha Mjerumani."

"Ni cha bahari, wanangu."

Waliitikia kwa adabu, wakanywa chai, wakaondoka bila kuniamini. Mmoja, mrefu, mwenye kikohozi cha vumbi la mawe, aliendelea kurudi. Safari moja alinifungulia kitambaa na kunionyesha jiwe lenye mchoro kama mshale. "Mwalimu, wewe unasoma," alisema. "Sisi tunabahatisha tu chini kule." Nilimhurumia. Nimewafundisha vijana wengi wa aina yake, walioacha daftari kwenye dawati wakaenda machimboni. Lakini nilikuwa nimechoka kueleza kitu kilekile. Nikamwambia mume wangu, akija tena, amwambie sipo.

Mwaka jana binti yetu alijifungua Geita, nikaenda kumsaidia kumwogesha mtoto na kumpikia uji. Nilikaa wiki kadhaa. Siku niliyorudi nilimkuta mume wangu kwenye kigoda uani, matope yamemfika magotini. Nyuma ya jiko kulikuwa na shimo. Ngazi ilikuwa imesimama ndani yake, ikichungulia kidogo tu juu. Mpera wetu ulikuwa umelala ubavu, mizizi nje.

"Baba, hii nini?"

"Karibu, Mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Hii nini?"

Aliingia ndani akatoka na kitabu changu, kimoja cha vile vya zamani, ukurasa umekunjwa pembe. Ilikuwa ramani ya mwamba wa baharini, yenye alama ya msalaba na tarakimu ndogondogo kuuzunguka. Aliziwekea kidole moja moja. Alinieleza kwamba yule bwana mrefu wa Mwakitolyo alikuja, naye akamwambia sipo kama nilivyoagiza, kisha akampa maji ya kunywa. Wakakaa. Wakafungua vitabu. Waliamini zile tarakimu ni hatua, wakazihesabu kuanzia kwenye mpera.

"Hizo ni kina cha maji," nilimwambia. "Hapa pote ni bahari. Kwenye msalaba ndipo meli ilipozama."

Aliuangalia ukurasa.

"Na walipata nini hapo?"

"Vikombe. Na kengele ya meli."

"Dhahabu je?"

"Haikubeba dhahabu, Baba. Ilibeba vikombe."

Nilitaka kukasirika. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye basi, mgongo unaniwaka, na hasira inahitaji nguvu. Nikakaa juu ya lundo la udongo, mkoba bado begani.

"Miaka yote hii unajiharibu macho," alisema. "Nikajua haiwezekani unasoma haya yote bure. Nikasema kuna kitu anakijua, hataki kunieleza."

"Si ungeniuliza."

"Niliogopa utaniambia hakuna."

Hapo nikajaribu kumweleza, kwa mara ya kwanza. Nilimkumbusha mwanafunzi wangu mmoja wa Segese, aliyeacha shule kidato cha pili, akafukiwa duara, shimo la wachimbaji, lilipotitia. Walimtafuta, wakashindwa, wakamlilia. Halafu wachimbaji wakahamia duara la jirani. Nilirudi huko miaka ya karibuni, nikauliza ni wapi, na kila mtu alinionyesha mahali tofauti. Katika vitabu hivi hata chombo kibovu kabisa kina mstari wake: kilizama hapa, kilikuwa na watu hawa, kilitafutwa, hakikuonekana. Nikiusoma mstari wa namna hiyo roho yangu inatulia kidogo. Sijui kwa nini.

"Kumbe ni vitabu vya msiba," alisema.

"Si msiba hasa." Nilienda kuoga.

Tulilifukia shimo taratibu, yeye kwa koleo, mimi kwa karai, tukipumzika zaidi kuliko tulivyofanya kazi. Mpera tuliukata kuni. Nilidhani yameisha. Kumbe majirani walikuwa wameona shimo, kisha wakaona limefukiwa, wakajumlisha wenyewe. Kanisani wakaanza kutusogezea viti vya mbele. Ndugu wa mume wangu, ambao hatukuwasikia tangu mazishi ya baba yao, wakapiga simu kutujulia hali. Yule bwana mrefu naye akaja, akasimama getini, hakutaka kuingia.

"Mlifukia haraka, mwalimu," alisema.

"Hapakuwa na kitu. Ulikuwepo, uliona."

"Niliondoka tulipofika kwenye maji. Sijui mliendelea mpaka wapi."

Nilimletea kitabu, nikamfungulia ukurasa na kumweleza tarakimu moja moja. Alisikiliza hadi mwisho, akikohoa, akashukuru. Machoni niliona nimemthibitishia kwamba sisi ni wasiri. Hajarudi tena. Nasikia anachimba upande wa Geita sasa.

Niliwaza kuvigawa vyote. Nikauliza shule moja hapa mjini, wakasema wangependa zaidi vya kiada. Vikabaki. Nikamwambia muuza vitabu wa Mwanza apumzike kwanza, akaitikia, na baada ya miezi michache akapiga: amepata kimoja kinene, cha meli za maziwa makuu. Mume wangu alisikia, akachukua kofia yake.

"Wewe kaa," alisema. "Wakikuona na mzigo kituoni itakuwa habari nyingine."

Jua lilikuwa kali nilipomwona anarudi, anakokota miguu, begani mfuko wa pumba za kuku. Hatufugi kuku. Aliutua sebuleni, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kitabu, akakipangusa kwa shati lake.

"Ni kizito," alisema. Akaketi, akavua viatu, akaniomba maji.