Dumu la Urwagwa kwa Nafasi ya Sita

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika mtaa wetu wa Gisenyi kumtoza mzazi pesa kwa ajili ya mtoto ambaye bado yuko tumboni. Nalisema kwa fahari, maana majirani wamekwisha kulisema kwa namna nyingine.

Nilirudi Rwanda kutoka Tanzania nikiwa na begi moja na stashahada ya malezi ya watoto wadogo. Stashahada hiyo sikuipata kwa kubebwa na mjomba. Niliilipia kwa kukaanga maandazi Mwanza miaka mitatu, na mpaka leo nikisikia mafuta yanachemka nakumbuka mada za mitihani. Nimeitia kwenye fremu ya dhahabu, nikaitundika sebuleni juu ya makochi yangu ya kijani, mahali ambapo mtoto yeyote wa kulelewa hakuruhusiwa kukanyaga. Watoto walikuwa na chumba chao cha mbele. Ofisa aliyekuja kukagua alikipima kwa futi kamba, akaandika: watoto sita, asizidi hata mmoja.

Sita wakajaa mara moja. Sijui niseme nini, kazi nzuri inaonekana. Tatizo lilianza pale mmoja alipokua akaenda shule ya chekechea. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, niwekee hiyo nafasi, wangu anakuja." Nikamwekea mkeka mtupu miezi miwili, nikiwafukuza wengine kwa heshima. Kumbe mwenyewe alikwisha kuhamia Kigali, na alikuwa ameniambia vile kwa kunifurahisha tu.

Hapo elimu yangu ikafanya kazi. Nilikaa mezani na rula nikaandika kanuni nne. Ada ya kuweka nafasi ni nusu ya malipo ya mwezi. Itakatwa kwenye mwezi wa kwanza mtoto akishafika. Aliyelipa ana nafasi, wala haguswi. Asiyeleta mtoto kwa wakati amepoteza nafasi na ada. Nikaipeleka karatasi ikafunikwa plastiki, nikaifunga getini kwa waya.

Jirani yangu, mama aliyerudi kutoka Kongo, mwenye duka la vitambaa, alisoma akashika kiuno.

"We mwalimu! Mutoto hajazaliwa unamulipisha? Kama kiwanja?"

"Ndivyo wanavyofanya watu waliosoma," nikamjibu.

"Bon. Tutaona kama watu waliosoma watakuletea hao watoto."

Wiki nzima hakuja mtu. Watu walisoma, wakacheka, wakapanda pikipiki zao. Aliyesimama kwa makini alikuwa mama mmoja tu, mchuuzi wa mboga, mwenye mimba ya miezi saba. Kila asubuhi huyu huvuka mpaka kwenda Goma na beseni la nyanya na karoti kichwani. Ana migahawa mitatu kule inayomtegemea. Aliniambia wazi shida yake: wifi yake angemshikia wateja kwa mwezi mmoja na nusu baada ya kujifungua, basi. Wifi mwenyewe alikuwa na mambo yake. Siku moja ikizidi, migahawa ingechukua mchuuzi mwingine, na kupata wateja wa namna ile kulimchukua miaka minne.

"Na mutoto siwezi kuvuka naye," akasema. "Beseni kichwani, mutoto mugongoni, foleni ya pale mpakani unaijua. Nafasi iko?"

"Ipo moja. Ya sita."

"Basi nitaongea na watu ya nyumbani."

Nikaelewa kwamba anakwenda kutafuta ada.

Jumapili mchana, getini wakasimama watu wanne wamevaa vizuri: baba mkwe wa yule mchuuzi, ambaye ni mzee mrefu kutoka Kanama, mashangazi wawili, na mume wake akiwa amebeba dumu la urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Niliwakaribisha kwenye makochi ya kijani. Mzee alisimama akahutubia. Alianza na mvua, akapita kwenye viazi, akafika kwa mababu. Akasema walikuwa wakipita njiani wakaona kwamba ndani ya nyumba hii kuna kitu kizuri, na hawakupenda watu wengine wakione kabla yao.

Maneno yote niliyaelewa. Nilidhani anasifu karatasi yangu ya plastiki.

Pombe ikamiminwa. Mzee akaonja kwanza, kisha akanipa glasi. Nikanywa. Ilikuwa nzuri. Nikajibu hotuba kwa maneno machache kuhusu masomo yangu, nikawaonyesha fremu, nikaeleza tofauti ya stashahada na cheti cha kawaida. Wakasikiliza kwa adabu.

"Basi tumeelewana?" mzee akauliza.

"Tumeelewana kabisa!"

Wakapiga makofi. Nilijisikia kama mkuu wa chuo.

Kesho yake akaja bwana mmoja wa benki, mke wake akiwa karibu kujifungua. Alisoma kanuni zote nne, akalipa ada palepale, akataka risiti. Nikampa, na muhuri juu yake. Nafasi ya sita ikawa yake. Nilifurahi sana, hata nikamwonyesha jirani kitabu cha risiti kupitia uani.

Yule mama mchuuzi akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alipofikisha wiki tano, akaja naye amemfunika vizuri.

"Mama mwalimu, nimekuja kuangalia mahali mutoto atalala. Juma ijayo narudi kazini."

"Lakini mama, wewe hukulipa ada."

"Ada gani? Si tulileta dumu?"

"Dumu lilikuwa la kunisalimia."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Watu wanne, na baba mukwe, kutoka Kanama, ni ya kusalimia? Tulishika irembo, mwalimu! Na wewe ulikunywa!"

Aliketi chini kwenye kizingiti, akaanza kulia bila sauti, akihesabu kwa vidole siku alizobakiwa nazo. Vidole vya mkono mmoja vilitosha.

Mimi, mwenye stashahada, nilikimbilia kwa jirani. Alicheka mpaka akakalia vitambaa vyake.

"Irembo hulijui? Yebabawe, Tanzania walikufundisha nini? Familia ikitaka binti wa watu, kwanza inaleta pombe, inashika lango, ili mwingine asiingie. Ukinywa, umekubali. Sasa umeposwa na watu wa Kanama, halafu ukaolewa na benki!"

"Na baada ya irembo kinafuata nini?" nikamuuliza.

Akanieleza yote, hatua kwa hatua. Nilisikiliza kama mwanafunzi.

Nilimpigia simu bwana wa benki, nikamwomba kwa upole aachie nafasi. "Madamu," akasema, "naomba usome kanuni ya tatu. Aliyelipa ana nafasi, wala haguswi." Nimeandika kanuni nyingi maishani, lakini ile ilikuwa imeandikwa vizuri kupita kiasi.

Jioni ileile mzee akaja na mashangazi wote wawili. Safari hii bila dumu.

"Mwalimu, ulikunywa au hukunywa?"

"Nilikunywa, mzee."

"Glasi ngapi?"

"Mbili."

"Tatu," akasema shangazi mmoja.

"Irembo likivunjwa, pombe inarudishwa," akasema mzee. "Lakini sisi hatutaki pombe. Mke wa mwanangu akipoteza wateja wake, kule nyumbani tutakula viazi vya kuchemsha hadi yule mtoto aolewe. Tunataka nafasi."

Nikaangalia chumba cha mbele: mikeka sita, ukuta kwa ukuta. Kisha nikaangalia sebule. Makochi ya kijani. Zulia. Fremu.

Kesho yake nilimwita yule ofisa aje na futi kamba yake. Akapima sebule bila makochi, akapima tena, akaandika: watoto wanne zaidi. Makochi mawili yakaenda chumbani kwangu, ambako sasa napanda kitandani kwa kupita juu yake. La tatu nilimuuzia jirani, naye huwakalisha wateja juu yake na kuwasimulia lilikotoka.

Mzee aliporudi kusikia jibu, nilimkaribisha kwenye mkeka.

"Nafasi ipo," nikamwambia. "Irembo lenu naliheshimu. Ada ya kuweka nafasi sitawatoza, mliilipa kwa dumu. Lakini mzee, kushika irembo si kuoa. Bado kuna mahari."

Mashangazi wakatazamana.

"Mahari ya nafasi hii inalipwa kila mwisho wa mwezi. Siyo ng'ombe. Faranga."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyu kumbe ni Mnyarwanda," akawaambia mashangazi. Akajaribu kuomba punguzo, maana bila mabishano mahari si mahari. Nikampunguzia kidogo, kwa heshima.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi yule mama alifika. Alimlaza binti yake sebuleni, chini kabisa ya stashahada yangu, akanipa maziwa yake aliyoyakamua na nguo mbili. Kisha akajitwisha beseni la karoti, akatoka mbio kuelekea mpakani. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Katika kazi yetu, mama asiyegeuka nyuma ni alama ya juu kabisa, na nilitamani wahadhiri wangu wote wawepo waione.

Karatasi ya getini sasa ina kanuni ya tano: mwenye nyumba hanywi na wageni. Lakini Jumapili iliyopita wakasimama pale watu watano wamevaa vizuri, na dumu. Sikufungua. Niliuliza kwanza kupitia tundu la geti, "Jamani, nani kati yenu ana mimba?"