AI imemtuma mtu kula kwa mamangu

Leo Mama amenipigia nikiwa ofisini Hurlingham: "Kuna kijana kwa geti anaitisha chapati. Anasema ametumwa na kompyuta yako."

Wueh!

Wiki hii ninaandika maelezo ya programu yetu mpya, ile AI itatumia kutafuta mahali kwa ramani. Nilihitaji mfano wa kuonyesha AI vile itatafuta, nikaandika "hoteli ya chakula Kabiria." Kwa uvivu tu, nikaweka location ya nyumbani kwetu, hukohuko Kabiria.

Sasa Mutua, mwenzangu wa kazi, ameenda Kabiria kuijaribu. Njaa ikamshika, akaiuliza AI atakula wapi.

Badala ya kutafuta hoteli, AI ikanakili mfano wangu vile ulivyo. Na Mutua akaenda, jamani!

Mimi, aibu tele: "Mama, pole sana. Mwambie arudi."

"Arudi na njaa? Ameshakaa. Na anajua kusalimia watu kukushinda."

Nimefuta huo mfano mbio sana. Nikadhani yameisha.

Mutua amerudi ameshiba, amehadithia ofisi nzima.

Saa hii Mama ametuma meseji: "Kesho wanakuja wangapi? Nijue unga."

Watu wangu, nimjibu nini?