Mlima Nyuma ya Weupe

Nilirudi mtaani kwetu Huruma baada ya miaka ya kuzurura, Mombasa, Kisumu, Eldoret, nikamkuta Mama amekonda hadi pete yake ya ndoa imehamia kidole gumba. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alitaka kitu kimoja tu: apandishwe juu ya paa la ploti tunayopanga, pale tunapoanika nguo, auone Mlima Kenya. Alizaliwa chini yake. Tulipokuwa wadogo alituonyesha kwa kidole kutoka palepale, asubuhi za baada ya mvua, mdogo kama jino.

Nilimbeba mgongoni. Kilikuwa kiangazi, na upande wa kaskazini palikuwa na weupe mtupu.

"Umenipandisha huku unionyeshe maziwa?" akauliza, tukacheka.

Sekondari tulifundishwa kwamba vumbi laini hutawanya mwanga, na masizi huumeza. Weupe ule ulikuwa jua lenyewe, likigonga chembe za vumbi na moshi na kurushwa machoni mwetu, hadi mlima ukafifia nyuma yake. Chini, juu ya mto unaopita kando ya mtaa, ulining'inia utepe mweusi: masizi ya plastiki.

Nikashuka hadi kwa vijana wanaochoma taka kando ya mto. Niliwaomba wapumzike asubuhi moja.

"Mlima gani, buda? Huku tunaonanga takataka tu."

"Ni mathe. Anaumwa sana. Anataka kuuona."

Wakatazamana. "Poa. Kesho hatuwashi. Lakini huo mlima ukitokea, utuite pia."

Kweli hawakuwasha. Utepe ulitoweka, nikaweza kuona mabati ya mapaa ya Mathare, mtaa jirani, moja moja. Weupe haukuondoka. Vumbi la barabara, moshi wa magari, majiko ya mji mzima. Wenye hayo yote ningewaomba vipi? Mama alikaza macho hadi yakatoa machozi.

"Usijali, baba," aliniambia. "Mvua itaosha."

Tukaingoja pamoja, mimi nikichungulia mawingu dirishani kila alipoamka. Alifariki kabla haijafika.

Ilinyesha usiku wa kuamkia mazishi. Asubuhi tulimpeleka kwao, na tulipoipita Thika mlima ukasimama mbele yetu mzima, na theluji yake. Jeneza lilikuwa nyuma, limefungwa. Ndani ya gari kila mtu aliuona. Hakuna aliyenyoosha kidole.